"Nikilala mimi, na hela inalala": jibu kwa mpiga picha wa Masasi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Masasi. Tangu 2019 najitegemea kwa kupiga picha na video za harusi, kutengeneza kadi za michango na za mwaliko, mabango ya maduka na picha za mahafali. Harusi moja nachukua 400,000, mahafali nalipwa 100,000 kwa siku, kadi moja naibuni kwa 15,000. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kwanza silali. Kuanzia wa pili hadi wa tano naweza kumaliza wiki nzima sijashika kamera. Novemba iliyopita niliugua taifodi, nikalala wiki mbili, harusi mbili zikanipita na kianzio nikarudisha. Nimechoka kuuza masaa yangu. Mtandaoni watu wanasema tutafute kipato kinachoingia hata ukiwa umelala: wengine YouTube, wengine kuuza picha nje, wengine forex. Nina akiba ya 1,800,000. Rafiki yangu anasema ninunue droni, mjomba anasema niiweke kwenye korosho. Nikilala mimi, na hela inalala. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa maradhi.

Swali lako linaonekana moja, kumbe ndani yake yamo matatu. La kwanza ni la kuugua: ukianguka wewe, kazi imeanguka. La pili ni la msimu: hela inakuja kwa mkupuo, halafu inakatika. La tatu ndilo la masaa lenyewe, kwamba hata ukiwa mzima na msimu umenoga, Jumamosi ni moja na wewe ni mmoja. Wanaokuuzia maneno mtandaoni huyafunga yote matatu katika furushi la "kipato cha usingizini", kisha wanakupa dawa moja. Mimi nitayafungua. Mawili ya kwanza hayachukui muda mrefu. La tatu ndilo nitakalokaa nalo.

Tuanze na kuugua. Zile harusi mbili zilikupita kwa sababu hukuwa na mtu wa kusimama mahali pako. Hata ungekuwa na chaneli ya YouTube yenye watazamaji laki moja, bibi harusi yule angebaki bila mpiga picha siku ile. Tafuta wapiga picha wawili ambao kazi zao unaziamini, mmoja hapo Masasi, mwingine Ndanda au Newala. Kaeni chini mwandikiane: mmoja akipatwa na dharura, mwenzake anaingia, hela inagawanywa, na mteja anabaki wa yule aliyempata. Mimi napendekeza asilimia 70 kwa anayekwenda kazini na 30 kwa mwenye mteja, kwa sababu aliyesimama na kamera tangu saluni mpaka usiku wa manane asipojiona ameonewa, makubaliano yanadumu. Kisha ingiza sentensi moja katika mkataba wako na kamati ya harusi: ukipatwa na dharura, utaleta mtu wa kiwango chako kwa bei ileile. Kamati hazikatai jambo hilo. Zinachoogopa ni kuachwa siku ya tukio.

Ile asilimia 30 iangalie vizuri, kwa sababu ndiyo hela ya kwanza utakayoipata bila kutoka nyumbani, na imetokana na jina lako tu. Kuna walioanza kushikiana hivyo kwa ajili ya dharura wakajikuta wanapeana kazi hata wakiwa wazima, kila wanapopata oda mbili za siku moja.

Sasa msimu. Sisi wa Kusini tunaishi kwa kalenda ya mazao, na mtu wa kamera na kadi anaishi kwa kalenda hiyohiyo hata kama hana mkorosho mmoja. Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi, hela inaingia kwenye akaunti za wakulima, na kutoka hapo ndipo michango ya harusi inapotoka, na sherehe za kumtoa mwali, na fulana, na mabango. Ikichelewa, wote tunachelewa. Msimu wa 2018/19 hauwezi kusahaulika: Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na malipo yakawachukua wakulima wengi muda mrefu kuyapata. Fundi cherehani, mpishi wa shughuli, MC na mpiga picha walisubiri pamoja nao.

Lakini korosho haziko peke yake. Ufuta unauzwa mapema zaidi, na kufika Juni na Julai hela yake ipo Nachingwea, Ruangwa na Liwale. Mbaazi zinafuata baada ya hapo. Nachingwea si mbali na wewe. Ukiwa na steshenari moja pale inayokupokelea oda, Juni yako haitafanana na ya mwaka jana. Tazama pia kalenda ya dini, maana Masasi ni mji wa misikiti na makanisa. Ramadhani harusi za Waislamu zinasimama, na Mfungo Mosi ukiingia zinafululiza. Kwaresima nayo ina utaratibu wake kwa Wakristo. Zinapoangukia Februari na Machi, mwezi wako wa tatu hauna harusi hata ufanyeje, kwa hiyo acha kuuhangaikia. Miezi hiyo ifanye karakana. Ndimo utakamotengeneza vitu nitakavyovitaja sasa.

Tuje kwenye masaa. Kitu cha kwanza ninachotaka ukibadilishe ni kipimo cha bei, kabla hujafikiria bidhaa yoyote ya mtandaoni. Mahafali unauza siku, kwa 100,000. Shule haihitaji siku yako. Wazazi wanahitaji picha ya mtoto. Sasa fanya hivi: omba ridhaa ya mkuu wa shule na kamati ya wazazi, useme hutaidai shule hata shilingi, kila mzazi anayetaka picha iliyosafishwa, ndani ya bahasha yenye jina la shule, analipa 3,000 kabla haijasafishwa. Tuseme wahitimu ni 150 na wote wamelipa. Hiyo ni 450,000. Ondoa 800 kwa kila picha ya kusafisha na bahasha, yaani 120,000. Ondoa 300 kwa kila picha iende kwenye mfuko wa shule kwa risiti, 45,000. Mlipe msaidizi 40,000. Umebaki na 245,000 kwa siku ileile uliyokuwa ukiiuza kwa laki. Wakilipa 100 tu, unabaki na 150,000. Wakilipa 50, unabaki na 55,000, na hapo umepata hasara ukilinganisha na zamani, lazima nikwambie. Hatari imehama kutoka shuleni ikaja kwako. Kwa hiyo anza na shule moja ambayo mwalimu wake anakufahamu, uone wazazi wanaitikiaje, ndipo uende ya pili. Mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne yanafuatana, muda wa kujifunza upo.

Jambo la pili ni kuangalia saa zako zinapotelea wapi. Chukua harusi ya 400,000. Vikao na kamati, kwenda kuuona ukumbi, siku yenyewe, halafu kukaa na kompyuta. Tuseme jumla ni saa 50: kila saa imekuletea 8,000, hapo hujatoa mafuta, umeme, bando wala uchakavu wa kamera. Katika hizo 50, kama 30 hivi ni za kuhariri video. Mteja amekuchagua kwa jicho lako na kwa jinsi unavyojua kumpanga bibi harusi na wifi zake bila kugombana nao. Hakukuchagua kwa kukaa usiku ukipunguza kelele za spika. Kazi hiyo mpe mtu. Ukimlipa kijana 120,000 kwa harusi moja, umezinunua saa 30 kwa 4,000 kila moja, nusu ya unachopata wewe, na yeye amepata kazi ya maana hapohapo mjini.

Wengi wanashindwa hapa kwa sababu kazi yote iko kichwani mwao. Kijana anakosea, mwenye kazi anasema "bora nifanye mwenyewe", na anarudi palepale. Andika hatua kwenye karatasi, ubandike ukutani: nakala mbili za kadi ya kamera kabla ya kugusa chochote, majina ya maharusi yanakiliwa kutoka kwenye kadi ya mwaliko, hayaandikwi kwa kusikia, mpangilio wa sehemu kuanzia saluni, ndoa, picha za bustani, ukumbini, wimbo gani usitumike, video fupi ya dakika tatu inatoka siku ya tatu, ndefu siku ya kumi na nne. Harusi mbili za kwanza kaa naye. Ya tatu kagua tu. Mimi naamini hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika jibu hili, ingawa haina mvuto wa kuisimulia, na ndiyo watu wa kipato cha usingizini hawaisemi kabisa kwa sababu hawana cha kukuuzia ndani yake.

La tatu ni kadi. Hapa ndipo nilipofurahi kusoma barua yako, maana umeshakuwa na bidhaa miaka yote hii, umekuwa ukiitoa rejareja bila kujua. Kadi ya mchango ya Masasi ina sura zake: ya harusi yenye Bismillahi juu, ya harusi yenye msalaba, ya sendofu, ya ubarikio na kipaimara, ya maulidi, ya kumtoa mwali, ya mahafali ya chekechea. Kinachobadilika ni majina, tarehe, ukumbi na namba ya kupokelea michango. Kila mara unapoanza upya na ukurasa mweupe, unajilipisha mwenyewe saa mbili bure.

Februari hadi Aprili, tengeneza templeti 40 nzuri, mchanganyiko wa hizo zote. Kisha usiwauzie wenye sherehe. Wauzie wenye steshenari wa Newala, Tandahimba, Ndanda, Nachingwea na Tunduru, ambao kila siku wanaombwa kadi na hawana mbunifu. Yeye anabadilisha majina, anachapisha, anachukua hela yake, na wewe hukuwepo.

Mambo madogo yatakayoamua kama biashara hii itasimama ni haya. Faili liwe la Publisher au PowerPoint, usipeleke la Photoshop, kwa sababu kompyuta nyingi za steshenari hazina Photoshop na mhudumu hajui kuitumia. Tumia fonti zinazokuja na Windows yenyewe. Ukitumia fonti uliyoipakua wewe, likifunguliwa Tandahimba majina yatageuka maandishi ya ajabu, na simu itaita usiku. Sehemu za kubadilisha ziache kama visanduku vya maandishi, mapambo yote yaunganishe yawe picha moja isiyosogea. Jaribu kila faili kwenye kompyuta kuukuu kabla hujalituma. Weka nafasi ya jina refu, maana kuna familia zinataka majina matatu ya kila mzazi.

Na malipo? Kishawishi ni kusema kila kadi inayouzwa unipe elfu mbili. Usifanye hivyo. Huna njia ya kuhesabu kadi za Newala ukiwa Masasi, na utaishia kumshuku mtu ambaye pengine ni mwaminifu. Weka ada ya mwezi: tuseme 25,000, analipa mwanzoni kwa Lipa Namba, anapata templeti zote pamoja na sita mpya kila mwezi, na faili likimsumbua unamrekebishia. Steshenari tano ni 125,000 kwa mwezi. Machi hawatalipa, usijidanganye. Julai hadi Januari watalipa, miezi saba, jumla 875,000. Huo si utajiri, ila kodi ya chumba na umeme vimelipwa kabla hujabeba kamera, na ukifikisha steshenari kumi hujaongeza kazi karibu yoyote.

Utaniuliza, wakinakili na kugawana WhatsApp je? Watagawana. Sheria iko upande wako: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Lakini huwezi kukimbizana na kila flashi ya Mtwara nzima. Kinga yako halisi ni zile sita mpya za kila mwezi. Anayetumia za kuiba atakuwa na za mwaka jana, na kamati za harusi zinajua kadi ya mwaka jana zikiiona.

Mikataba ya mwezi nitaipitia haraka kwa kuwa bado inadai muda wako, ila inatuliza. Lodge, duka la dawa, shule binafsi, SACCOS: kila mmoja kazi nne kwa mwezi kwa bei moja, ya tano inalipiwa. Hiyo "ya tano inalipiwa" iandike, usiiseme kwa mdomo. Ukitaka kazi za vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) na za halmashauri, uwe na namba ya mlipakodi (TIN), na ujue watakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, uombe cheti chake ili ihesabiwe kwenye kodi yako. Zabuni za Serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake na vijana. Ukiwa na wenzako mnaweza kujisajili kama kikundi. Tahadhari yangu ni moja tu: malipo yake huchelewa, kwa hiyo usichukue kazi ya kuchapa mabango elfu kwa hela ya kula.

Halafu kuna ghala lako la picha, ambalo nina wasiwasi limejaa kwenye kadi za kamera zinazofutwa kila wiki. Tangu 2019 umepita njiani kati ya Masasi na Newala mara nyingi. Mikorosho ikichanua, mabibo yakiwa mekundu chini ya mti, akina mama wakibangua, magunia ghalani, watu wakisubiri matokeo ya mnada, ukungu wa asubuhi pale Shimo la Mungu. Wapo wanaozihitaji picha hizo: wasindikaji wa korosho, mashirika yanayoandika ripoti, watengeneza kalenda, wenye hoteli. Wengi wao wanatuma mpiga picha kutoka Dar es Salaam kwa gharama kubwa, au wanaweka picha ya korosho za Vietnam kwenye tangazo la korosho zetu. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona.

Usiwauzie picha. Wauzie ruhusa ya kuitumia. Kwenye karatasi moja andika: picha fulani, itumike kwenye kalenda ya mwaka fulani tu, au kwenye tovuti kwa miaka miwili, mpiga picha anabaki na haki zake. Hivyo picha ileile ya bibi anayebangua inaweza kwenda kwa msindikaji, kwa shirika na kwa gazeti. Na yule bibi apate chake, na asaini kwamba amekubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria kuna heshima. Kuuza kwenye tovuti kubwa za nje kunawezekana pia. Adobe Stock, kwa mfano, humpa mpiga picha asilimia 33 ya kinachopatikana kwa picha, lakini picha moja ikiuzwa huleta kiasi kidogo sana, na unahitaji maelfu ya picha ili uone kitu. Peleka kule zile zisizo na watu, mandhari na mazao, kisha zisahau. Mteja wa moja kwa moja ndiye wa kumtafuta.

Kitu kimoja kisiingie ghalani kabisa: picha za ndani ya unyago na jando. Nafsi yako inajua kwa nini. Umeitwa na familia kwa imani, waliomo ni watoto, na yanayofundishwa mle si ya sokoni. Anayekuahidi watazamaji wengi kwa video hizo anakutaka uuze kitu ambacho si chako.

YouTube yenyewe, ili ugawiwe hela ya matangazo, inadai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video ya harusi inatazamwa na ukoo, basi. Tumia chaneli kama ubao wa kuonyesha kazi zako, na kabla hujaigeuza kuwa chombo cha maudhui, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni. Kufundisha ni bora zaidi kwako. Vijana wa kidato cha nne wanamaliza Novemba, na wanaoendelea wanakaa nyumbani mpaka katikati ya mwaka unaofuata. Darasa la wiki nne mwezi Februari, vijana kumi, 60,000 kila mmoja, ni 600,000 katika mwezi ambao sasa hivi haukupi kitu. Bado unauza saa, ila saa moja imelipwa na watu kumi. Na yule kijana wa kuhariri video utampata humohumo.

Sasa akiba yako. Droni, hapana, si mwaka huu. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inakufunga kwenye tukio lilelile unalotaka kulipunguza, na msimu wa kazi zake ndio msimu ambao tayari umejaa. Ikihitajika, ikodi kwa mwenzako na umwongezee mteja bei. Forex na vikundi vya "weka laki utoe laki tatu" achana navyo. Watu wazima nchini wanaukumbuka mchezo wa kupanda na kuvuna wa DECI uliofungwa na Serikali mwaka 2009, na jinsi walioingia mwisho walivyobaki na karatasi mkononi. Majina yanabadilika, mchezo ni uleule.

Kwa mjomba, muulize anamaanisha nini kwa heshima zote. Kama ni kuwapa wakulima hela mwezi wa nane kwa kipimo cha bakuli, wakulipe korosho msimu ukifika, hiyo ni kangomba. Sheria inaikataza, na faida yake inatoka kwa mama aliyebanwa na ada ya shule akauza jasho lake kwa nusu ya bei. Usiiguse. Kama ni shamba, hilo ni jambo jema ila si la usingizini: palizi, salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiri unga, kuokota, kukausha, kupeleka ghalani, na mtu wa kusimamia siku ambazo wewe uko ukumbini. Miche mipya inachukua takribani miaka mitatu kuanza kuzaa. Ukifika wakati wake, pitia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele upate miche bora na maelekezo. Kwa sasa shamba litakuwa kazi ya pili kabla hujaipunguza ya kwanza.

Ningekuwa mimi ninayeipanga hiyo 1,800,000, ningefanya hivi. Laki saba ni ya ugonjwa na dharura, haiguswi, iwekwe mahali inapotoka ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya mifuko ya uwekezaji, au akaunti ya akiba isiyo na kadi. Laki tatu na nusu nunua diski mbili za kuhifadhia picha, moja ikae kwako, nyingine kwa dada au rafiki mtaa mwingine, kwa sababu ghala lililo ndani ya chumba kimoja linaweza kuibwa kwa usiku mmoja. Laki tatu za kumlipa kijana wa kuhariri katika miezi ya mwanzo, kabla harusi hazijaanza kumlipa zenyewe. Inabaki laki nne na nusu: humo sajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, safiri Newala, Tandahimba, Nachingwea na Tunduru ukiwa na sampuli za kadi zilizochapwa, na kinachosalia kiungane na ile laki saba. Msimu ujao ukiwa mzuri ukabaki na milioni nzima usiyoihitaji, uliza benki yako kuhusu hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba. Zinaanzia milioni moja na riba yake hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hiyo ndiyo hela pekee katika barua hii yote ambayo kweli inaingia ukiwa umelala, na inatanguliwa na milioni. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo inapokea michango ya waliojiajiri. Ulizia ofisi yao iliyo karibu, una miaka 29 tu na muda ni wako.

Safari ya kwa wenye steshenari ifanye kabla Juni haijaisha, wakati wanajiandaa kwa msimu na bado wana nafasi ya kukusikiliza. Oktoba utawakuta na foleni ya watu. Mpe kila mmoja templeti tatu za bure aone zinavyofunguka kwenye kompyuta yake, umsubiri palepale achape moja. Na bei mpya za mahafali na harusi zisiwaguse wateja ambao tayari wameshalipa kianzio. Hao wamalizie kwa bei mliyokubaliana, hata kama unaona sasa kwamba ilikuwa ndogo.